Waya Safi wa Kwenye Karatasi, Waya Mchafu wa Maabarani

Mwaka 2012 kundi la Leo Kouwenhoven katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, lilichukua waya wa indiamu antimonidi wenye unene wa nanomita 100 hivi, likaugusanisha na supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana), likaupoza hadi sehemu ndogo ya digrii moja juu ya sifuri kamili, likawasha sumaku na kupima umeme unavyopita. Volti ilipokuwa sifuri, pale ambapo supakondakta kwa kawaida huzikataa elektroni zinazokuja mojamoja, upitishaji ulipanda na kufanya kilele. Wananadharia walikuwa wamekitabiri kilele hicho miaka miwili kabla. Habari zikaenea haraka, na ilikuwa haki zienee. Kama kilele kile kilikuwa kile walichokidhani, basi kwenye ncha za waya ule kulikuwa na hali za Majorana, yaani nusu mbili za nafasi moja ya elektroni zilizotengana, ambazo zingeweza kuwa msingi wa kompyuta ya kwanta isiyoyumbishwa kirahisi na kelele za mazingira.

Leo ukimwonyesha mtaalamu kilele kama hicho peke yake, hakubali. Vifaa vimeboreka sana tangu wakati ule, ila imani katika kilele imeshuka. Kilichotokea katikati ni kwamba wananadharia walirudi kwenye modeli zao na kuingiza kitu ambacho awali wengi walikiacha nje ili hesabu iwe nyepesi: kasoro. Atomu ngeni iliyojipenyeza, chaji iliyonasa kwenye tabaka la oksidi, uso wa waya usio laini, mpaka wa vitu viwili ambavyo havikushikana sawasawa. Ilikuwa rahisi kutarajia kwamba kasoro zingeififisha tu dalili ya Majorana. Hesabu zikaonyesha jambo zito zaidi: kasoro zinaweza kuitengeneza dalili hiyo mahali ambapo Majorana yenyewe haipo.

Mikono ya elektroni

Tuanze na waya safi, kwa sababu bila kuuelewa huo, uharibifu wa kasoro hauonekani.

Mwaka 1937 Mwitaliano Ettore Majorana alionyesha kwamba milinganyo ya kwanta inaruhusu kuwepo kwa chembe ambayo ni antichembe yake yenyewe. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, Alexei Kitaev alichapisha modeli fupi ya mnyororo wa nafasi ambazo elektroni zinaweza kukaa, akaonyesha kwamba ndani yake wazo la Majorana linapata makao mapya. Kihesabu, kila nafasi ya elektroni inaweza kuandikwa kama nusu mbili, na kila nusu ina sifa ile ya Majorana. Kwa kawaida uandishi huo ni mchezo wa kalamu tu, kwa kuwa nusu mbili za elektroni moja hukaa pamoja. Kitaev aliuliza: je, zikitengana?

Chukua watu waliojipanga mstari mmoja. Kila mtu ni nafasi moja ya elektroni, na mikono yake miwili ndiyo zile nusu mbili. Kuna namna mbili za kushikana. Katika namna ya kwanza kila mtu anafumbata mikono yake mwenyewe, na hakuna mkono unaobaki mtupu. Katika namna ya pili mkono wa kulia wa kila mtu unashika wa kushoto wa jirani yake. Mstari mzima umeungana, lakini mtu wa kwanza amebaki na mkono wa kushoto usio na wa kuushika, na wa mwisho amebaki na wa kulia. Mikono hiyo miwili mitupu ndiyo hali za Majorana. Kwa pamoja inafanya nafasi moja ya elektroni, nusu iko mwanzo wa waya na nusu mwisho wake, na kuijaza au kuiacha tupu hakugharimu nishati yoyote.

Uzuri wake uko hapo. Taarifa iliyohifadhiwa katika nafasi hiyo haiko upande wowote wa waya. Kelele ikigusa ncha moja, haina njia ya kujua kama nafasi imejaa au iko tupu, kwa hiyo haiwezi kuiharibu taarifa. Na kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili huwezi kusogea taratibu bila kupita mahali ambapo pengo la nishati (masafa ya nishati ambayo elektroni haziwezi kuwa nayo) linafunga kabisa. Tofauti ya namna hii, isiyofutika kwa marekebisho madogo madogo, ndiyo wanafizikia wanaita ya kitopolojia.

Hakuna waya wa kawaida unaojipanga hivyo wenyewe. Mwaka 2010 makundi mawili, la Roman Lutchyn, Jay Sau na Sankar Das Sarma, na la Yuval Oreg, Gil Refael na Felix von Oppen, yalifikia njia ileile kila moja kivyake. Unatafuta waya wa semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi, kama indiamu antimonidi) ambao ndani yake mwendo wa elektroni umefungamana na spini yake, ile tabia inayoifanya iwe kama sumaku ndogo. Unaupaka supakondakta ya kawaida, kama alumini, ili elektroni za waya ziazime tabia ya kwenda mbili mbili. Kisha unaweka uga wa sumaku sambamba na waya. Uga ukizidi kiwango fulani, waya unavuka kutoka namna ya kwanza ya kushikana kwenda ya pili.

Kiwango hicho kinaandikwa kwa mstari mmoja: V² > Δ² + μ². V ni nishati ambayo sumaku inazipa spini, Δ ni nguvu inayofunga jozi za elektroni, na μ ni kiwango cha ujazo wa elektroni ndani ya waya, ambacho maabarani hurekebishwa kwa volti ya elektrodi iliyo pembeni. Tuweke tarakimu. Δ iwe milielektronivolti 0.2 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Indiamu antimonidi ina spini zinazoitikia sumaku kwa nguvu sana, kiasi kwamba tesla 1 inaipa V ya milielektronivolti 1.45 hivi. Kama μ ni sifuri, uga wa tesla 0.14 unatosha kuuvusha waya. Kama μ ni milielektronivolti 1, unahitaji tesla 0.7. Badiliko la milielektronivolti moja tu katika μ linakudai sumaku mara tano. Chaji moja iliyonasa nanomita chache kutoka kwenye waya inaweza kuisogeza μ ya sehemu ile kwa kiasi hicho, hata zaidi.

Pale sharti moja linapogeuka masharti mengi

Sharti la V, Δ na μ liliandikwa kwa waya ambao μ yake ni moja kutoka ncha hadi ncha. Ingiza kasoro, na kila sehemu inakuwa na μ yake. Hapa sharti limetimia, nanomita 300 mbele halijatimia, kisha limetimia tena. Tukirudi kwa watu wetu: kundi la kwanza wameshikana na majirani, kundi linalofuata wamefumbata mikono yao wenyewe, kundi la tatu wameshikana tena. Kila mpaka wa makundi unaacha mkono mtupu. Sasa hakuna tena mikono miwili iliyo mbali, kuna sita au kumi, mingine ikiwa imekaribiana kiasi cha kugusana na kushikana nusunusu. Kila jozi iliyokaribiana inafanya hali yenye nishati ndogo sana iliyo karibu na sifuri, lakini isiyo na ulinzi wowote.

Picha hii ya vipande inafaa pale ambapo μ inabadilika polepole. Kasoro kali na za karibukaribu zinahitaji hoja nyingine, na hapo huwezi kukwepa jina la mwanafizikia Philip Anderson, ambaye ameacha alama mbili kwenye suala hili, nazo zinavutana.

Alama ya kwanza ni ya 1958. Anderson alionyesha kwamba kasoro za kutosha huzinasa elektroni mahali zilipo, zisiweze kusafiri. Baadaye ilibainika kwamba katika waya wa mwelekeo mmoja, kasoro kidogo tu zinatosha. Kazi hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977. Alama ya pili ni ya 1959, nayo ni faraja: supakondakta ya kawaida haijali kasoro zisizo za kisumaku. Jozi yake imeundwa na elektroni moja na mwenzake ambaye ni taswira yake wakati ukirudishwa nyuma, na kasoro inawatendea wote wawili sawa. Ndiyo maana alumini chafu bado ni supakondakta nzuri.

Mtu akisoma hiyo ya pili anaweza kujituliza kwamba waya wa Majorana nao utapona. Hauponi. Uga wa sumaku, uleule tunaouhitaji kuuvusha waya, unavunja usawa wa wakati ambao hoja ya 1959 inausimamia. Kinachobaki ndani ya waya ni ujozi wa aina nyingine, ambao alama yake inategemea mwelekeo: elektroni inayokwenda kulia inaona chanya, inayokwenda kushoto inaona hasi. Kasoro inapoigonga elektroni na kuirudisha ilikotoka, inachanganya chanya na hasi, na wastani wake unasogea kuelekea sifuri. Kile kinachoufanya waya uwe wa kitopolojia ndicho hichohicho kinachoufanya uogope uchafu.

Mahali uchafu ulipo napo kuna maana yake. Hesabu za miaka ileile ya mwanzo zilionyesha kwamba kasoro zilizomo ndani ya alumini yenyewe hazina madhara makubwa mradi alumini na semikondakta hazijaungana kwa nguvu mno. Muungano ukiwa mkali, kinga hiyo inapungua. Kwa hiyo anayetengeneza kifaa anavutwa pande mbili: anataka mshikamano mkali ili Δ iingie vizuri ndani ya waya, na mshikamano uleule unamletea matatizo ya upande wa pili.

Hesabu ndogo ya urefu

Kuna tokeo moja la nadharia ambalo ningependa msomaji alishike kwa mkono wake mwenyewe, maana linaonyesha vizuri kuliko maneno mengi jinsi kasoro zinavyofanya kazi. Lilichapishwa mwaka 2011 na Piet Brouwer, Mathias Duckheim, Alessandro Romito na Felix von Oppen.

Katika waya safi, mikono miwili mitupu haiko peke yake kabisa. Kila mmoja unapenya kidogo kuelekea katikati ya waya, ukififia kwa umbali unaoitwa urefu wa mshikamano, tuuandike ξ. Waya wenye urefu L ukiwa mrefu kuliko ξ mara nyingi, mikono haifikiani, na nishati ya kuigusanisha ni ndogo kwa kipimo cha e⁻ᴸ⁄ξ. Kasoro zinapoingia tunahitaji urefu wa pili, ℓ, ambao ni umbali wa wastani elektroni inaosafiri kabla ya kugonga kitu. Walichokipata ni kwamba katika kipimo kile, 1/ξ inageuka kuwa 1/ξ toa 1/(2ℓ). Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Chukua waya wa mikromita 3 na ξ ya nanomita 300. Ukiwa safi, kipimo ni e kwa kipeo cha −10, yaani kama sehemu moja katika 22,000. Huo ni utengano mzuri sana. Sasa ingiza kasoro kiasi kwamba elektroni inasafiri nanomita 300 kabla ya kugonga. 1/300 toa 1/600 ni 1/600, na kipeo kinashuka hadi −5: sehemu moja katika 150 hivi. Ongeza uchafu mpaka ℓ iwe nanomita 200, kipeo ni −2.5, na utengano ni sehemu moja katika 12. ℓ ikifika 150, ambayo ni nusu ya ξ, kipeo ni sifuri. Urefu ambao mikono inapenya umekuwa hauna kikomo, na hali ya kitopolojia imekwisha. Waya ungeweza kuwa na urefu wa kilomita na isingesaidia.

Tazama ilivyokwenda. Kutoka kwenye usafi kamili hadi kupoteza kila kitu, njiani hakukuwa na kishindo. Waya wenye ℓ ya nanomita 200 bado uko upande wa kitopolojia kwa mujibu wa nadharia. Ukiulizwa swali la ndiyo au hapana, jibu lake ni ndiyo. Lakini kwa kazi ya kompyuta haufai, maana mikono yake inagusana. Upande upi wa mstari wa mpaka waya ulipo, na kama waya unafaa kwa lolote, ni maswali mawili ambayo katika modeli safi yalionekana kama moja.

Jambo la pili kutoka kazi hiyohiyo linakera zaidi. Tarakimu nilizotoa ni za kawaida, za waya wa kati. Mgawanyo halisi wa nishati hiyo ni mpana kiasi kwamba kinachofuata mchoro wa kengele wa takwimu ni logi (logarithimu) yake. Nyaya mbili zilizotengenezwa kwa siku moja, kwa mashine moja, zenye L, ξ na ℓ zilezile, zinaweza kupishana mara kumi kwa urahisi, kwa sababu tu kasoro zake zimekaa mahali tofauti. Mwananadharia anazoea kuendesha nyaya 1,000 kwenye kompyuta na kuchora wastani. Mwenzake wa maabarani ana waya mmoja mkononi, na waya huo hauna wajibu wowote wa kufanana na wastani. Nadhani mchoro wa wastani umepotosha watu wengi katika uwanja huu, kwa kuwa unalainisha hasa kile ambacho anayepima angepaswa kutegemea kukiona.

Pengo la nishati nalo linabadilika tabia. Katika waya safi, pengo likiwepo topolojia ipo, na pengo likifunga ndipo topolojia inabadilika. Katika waya mchafu, hali za nishati ndogo zinaanza kujaa ndani ya pengo mapema, muda mrefu kabla ya topolojia kufa. Olexei Motrunich, Kedar Damle na David Huse walikuwa wameonyesha hili kwa ujumla wake mwaka 2001, mwaka uleule wa modeli ya Kitaev. Hali hizo zinatoka kwenye sehemu adimu za waya ambazo kwa bahati mbaya zimepata kasoro nyingi pamoja. Kwa kuwa zimenasa mahali pake, haziunganishi ncha na ncha, na mikono ya mwisho bado iko salama kwa kiasi. Ila anayepima pengo ataona pengo chafu, au asilione kabisa.

Wakati huohuo mwananadharia anapoteza kifaa chake kizuri cha kuitambulia topolojia. Modeli safi inahesabiwa kwa kutumia namba ya mawimbi ya elektroni (mawimbi mangapi yanaingia katika urefu fulani), na katika waya mchafu namba hiyo haina maana iliyo wazi. Njia iliyochukua nafasi yake, iliyowekwa wazi mwaka 2011 na Anton Akhmerov na wenzake wa kundi la Carlo Beenakker huko Leiden, ni kutuma elektroni kwenye waya kwa nishati sifuri na kutazama zinavyorudi. Mpangilio wa kurudi unaandikwa kama matriki, yaani jedwali la namba, na kitaja chake (determinanti, namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye jedwali zima) kikiwa chanya waya ni wa kawaida, kikiwa hasi ni wa kitopolojia. Kwa waya usio na mwisho jibu ni +1 au −1. Kwa waya wa mikromita 3 uliojaa kasoro, jibu linaweza kutoka −0.6. Hakuna sheria ya asili inayosema −0.6 iitweje.

Kwa upande mwingine, kasoro si adui siku zote. Inanç Adagideli, Michael Wimmer na Aykut Teker walionyesha mwaka 2014 kwamba ziko hali ambapo waya safi si wa kitopolojia, na kuuongezea kasoro kunausukuma uvuke. Tokeo hilo limesimama, ingawa sijaona anayetaka kujenga mashine juu yake.

Kilele kisicho na mwenyewe

Turudi kwenye kilele cha Delft. Kwa nini hali ya Majorana inaleta kilele hapo hasa, kwenye volti sifuri? Kwa sababu mkono mtupu hauna upendeleo kati ya elektroni na tundu lake (nafasi tupu inayoachwa na elektroni, inayofanya kazi kama chaji chanya). Elektroni inayogonga ncha ya waya inarudi ikiwa tundu, kwa uhakika kamili, na upitishaji unafika 2e²/h, ambao ni sawa na ukinzani wa omu 12,906. Kam Tuen Law, Patrick Lee na Tai Kai Ng walikokotoa hivyo mwaka 2009. Ni tarakimu inayotegemea chaji ya elektroni na thabiti ya Planck tu, haina habari na umbo la kifaa. Ndiyo maana kuipata kulionekana kama kupata muhuri.

Lakini ndani ya supakondakta kuna hali nyingine, zenye jina la Alexander Andreev, ambazo ni za kawaida kabisa. Ni mikono miwili ya mtu yuleyule, iliyoachana kidogo. Katika waya safi usio na mteremko wowote, hali za Andreev hazina sababu ya kukaa kwenye sifuri. Mwaka 2012, mwaka uleule wa kipimo cha Delft, kazi kadhaa zilionyesha njia zinazoweza kuzifikisha hapo. Graham Kells, Dganit Meidan na Brouwer walionyesha kwamba mteremko laini wa volti kwenye ncha ya waya unatosha kuishikilia hali ya Andreev karibu na sifuri kwa masafa marefu ya sumaku, bila topolojia. Jie Liu, Andrew Potter, Law na Lee walionyesha kwamba kasoro za nasibu huzaa vilele vya sifuri katika waya ambao haujavuka. Dmitry Bagrets na Alexander Altland walieleza sababu yake ya ndani: supakondakta ambayo imepoteza usawa wa wakati na wa spini, ikiwa na kasoro, hukusanya hali zake karibu na nishati sifuri kwa asili yake. Sifuri ina mvuto hata pasipo Majorana.

Mwaka 2020 Haining Pan na Das Sarma, katika Chuo Kikuu cha Maryland, walipanga vilele katika makundi matatu waliyoyaita mazuri, mabaya na machafu: mazuri yanatoka kwa Majorana halisi, mabaya yanatoka kwenye miteremko ya volti, na machafu yanatoka kwenye kasoro za nasibu. Kilichoshtua ni kwamba machafu, yakichaguliwa kati ya mengi, yanafanana na data ya maabara kuliko mazuri yanavyofanana nayo. Rekebisha volti moja, jaribu kifaa kingine, sogeza sumaku, na baada ya majaribio ya kutosha utakipata kilele kinachokaa karibu na 2e²/h. Das Sarma alikuwa mmoja wa waliotoa pendekezo la 2010. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeikagua dalili yake kwa ukali huo ni jambo ninaloliheshimu sana.

Mfano wa hatari hiyo unajulikana. Mwaka 2018 kundi la Delft lilitangaza katika jarida la Nature kwamba limepima upitishaji wa 2e²/h. Sergey Frolov wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Vincent Mourik, aliyekuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya 2012, waliomba data yote. Ilipochorwa upya kwa masafa yake kamili, upitishaji ulionekana kupita 2e²/h badala ya kutulia pale. Makala iliondolewa Machi 2021, waandishi wakiomba radhi kwa upungufu wa umakini wa kisayansi. Jopo huru la wataalamu, ambalo Brouwer na Lee walikuwa ndani yake, lilisema maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba watafiti walibebwa na msisimko. Mimi nalisoma kama onyo kuhusu uchaguzi. Pale ambapo kasoro zinaweza kutoa karibu umbo lolote la kilele, anayejua anachokitafuta atakiona.

Kupima ncha zote mbili

Nadharia ya kasoro haikuacha uwanja ukiwa magofu. Imebadilisha kinachopimwa. Kama hali ya Andreev inaweza kukaa kwenye ncha moja kwa bahati, basi pima ncha zote mbili kwa wakati mmoja, na pima pia umeme unaovuka kutoka ncha moja hadi nyingine, ambao unaonyesha kama pengo la katikati linafunga na kufunguka tena uga unapopanda. Microsoft waliweka mlolongo wa vipimo hivyo kuwa utaratibu rasmi, na mwaka 2023 walichapisha kwamba vifaa vyao kadhaa vya indiamu arsenidi na alumini vimeupita, vikiwa na pengo la kati ya mikroelektronivolti 20 na 60, na kwamba uwezekano kwamba kifaa kilichopita ni cha kawaida tu ni chini ya asilimia 8. Linganisha pengo hilo na Δ ya alumini, mikroelektronivolti 200 au zaidi: kilichobaki ni sehemu ndogo.

Asilimia 8 hiyo nayo imetoka kwenye modeli, yaani inategemea kasoro zipi ziliingizwa kwenye kompyuta. Wakosoaji wameshika hapo. Richard Hess, Henry Legg, Daniel Loss na Jelena Klinovaja walionyesha mwaka huohuo kwamba hali za Andreev zikijipanga kwa wingi kwenye waya mrefu zinaweza kuigiza hata kule kufunga na kufunguka kwa pengo. Februari 2025 Microsoft walitangaza chipu waliyoiita Majorana 1, pamoja na makala katika Nature kuhusu kusoma kama idadi ya elektroni kwenye waya ni shufwa au witiri. Wahariri waliandika kwenye faili la mapitio kwamba matokeo yale hayawakilishi ushahidi wa kuwepo kwa hali za Majorana katika vifaa vile. Ni sentensi ambayo mwaka 2012 hakuna mhariri angeona haja ya kuiandika, na nadharia ya kasoro ndiyo iliyoilazimu.

Ziko njia mbili za kwenda mbele, na zote zinaendelea. Ya kwanza ni kusafisha. Tangu mwaka 2015, maabara ya Copenhagen ilipoonyesha jinsi ya kukuza alumini juu ya waya kwa mpangilio wa atomu kwa atomu, mpaka wa vitu hivyo viwili umekuwa safi na pengo limekuwa gumu kuliko lilivyokuwa 2012. Kinachobaki ni uchafu wa ndani ya semikondakta na wa oksidi zinazoizunguka. Hiyo ni kazi ya wakemia na watengenezaji wa maada, polepole na isiyo na vichwa vya habari, na kwa maoni yangu ndiko fedha nyingi zaidi zingepaswa kwenda.

Njia ya pili inarudi kwa Kitaev moja kwa moja: badala ya waya mmoja unaoomba uwe safi, jenga mnyororo wa nukta za kwanta (visehemu vidogo vya kunasia elektroni chache), kila moja na elektrodi yake, na rekebisha kila nafasi kwa mkono mpaka kasoro yake ifidiwe. Sau na Das Sarma waliipendekeza mwaka 2012, na mwaka huohuo Martin Leijnse na Karsten Flensberg wakaonyesha kwamba hata nukta mbili zinatosha kupata kitu walichokiita Majorana ya maskini, isiyo na ulinzi wa kitopolojia lakini yenye mikono miwili iliyotengana kweli. Delft waliitengeneza na kuichapisha mwaka 2023, na minyororo ya nukta tatu imefuata. Kwa nukta mbili, mtu anaweza kutafuta mahali pazuri kwa kuzungusha vitufe vichache. Kila nukta inayoongezwa inaleta volti zake za kurekebisha, na kila volti inayumba na chaji zinazohamahama jirani yake, zilezile zilizokuwa zikisumbua waya.